Ilimba na Ile Sauti ya Saba

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yamechapwa kama yalivyosemwa, ili msomaji ayarudie darasani au nyumbani.)

Natumaini mmekwisha kaa na mwalimu wa darasa amekwisha futa ubao. Juma lililopita niliwaomba mlete ubao mwembamba unaozidi mita moja kwa urefu, misumari miwili, rula, debe tupu, na waya mwembamba wa chuma. Kama hamkupata waya wa gitaa, msihangaike. Chomoeni uzi mmoja katika waya wa breki ya baiskeli, huo utatosha.

Somo letu la leo lahusu utengenezaji wa ala za muziki ambazo sauti zake hazipatikani katika kinanda. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, “Sauti isiyokuwamo katika kinanda si ni sauti iliyokosewa?” Nami niliamini hivyo zamani, na imani yangu ile iliwaumiza watu. Kwa hiyo nitaanza na habari yenyewe.

Nilipokuwa ofisa elimu mpya, stashahada yangu ya chuo kikuu bado inanukia wino, nilipelekwa katika Mkoa wa Dodoma. Siku moja niliombwa kuwa mwamuzi katika mashindano ya nyimbo ya vikundi vya watu wazima. Niliwekewa meza, na juu ya meza kinanda kidogo cha umeme. Likaja kundi la akina mama wanane pamoja na mzee mmoja aliyebeba ilimba, yaani ile ala ya Wagogo yenye sanduku la mti na vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Akatusalimu, “Mbukwenyi,” akaketi, akaanza kujaribu vyuma vyake. Mimi nami nikabonyeza kinanda changu, nikasikia chuma kimoja kiko chini kidogo. Nikamwambia, “Babu, hiki kimelegea. Tafadhali kiinue kidogo.”

Alinitazama. Akasema, “Haya, mwanangu.” Akaokota jiwe, akakigonga kile chuma mpaka mimi nikaridhika.

Basi wakaimba. Akina mama wakaingia na sauti yao waliyoizoea, ilimba ikaingia na sauti yangu. Ilikuwa kama watu wawili waliobeba machela, mmoja anatembea na mwenziwe anakimbia. Mama aliyeongoza alisita, akaanza upya, akasita tena. Nami nikawakata alama kwa kutopatana, wakawa wa mwisho. Jioni, wakati wa kuondoka, nilimwona mzee amekaa chini ya mbuyu anakigonga kile chuma kukirudisha mahali pake, na mama mmoja amesimama kando anamngojea.

Leo nataka tulipime kosa langu. Linapimika kwa rula.

Haya, chukueni ubao. Pigilieni msumari mmoja karibu na kila ncha, mfunge waya kati ya misumari hiyo na kuukaza. Sasa wekeni vijiti viwili chini ya waya ili vuinyanyue, mmoja wenu apime kwa uangalifu: toka kijiti cha kushoto mpaka kijiti cha kulia pawe na sentimita 84 kamili. Ikiwa waya bado umelegea, sukumeni kabari ndogo chini yake, katika sehemu iliyo nje ya vijiti. Wekeni nyuso zenu mbali, maana waya ukikatika huruka, na jicho halina spea. Ubao mzima uwekeni juu ya debe lililogeuzwa, ili sauti isikike na walio nyuma.

Sasa pimeni kuanzia kijiti cha kulia kwenda kushoto, mkatie alama nne kwa kalamu: sentimita 72, sentimita 63, sentimita 56, na sentimita 42. Tafuteni kijiti cha tatu, kilicho kirefu kidogo kuliko vile viwili. Hicho ndicho mtakachokisogeza chini ya waya toka alama hata alama, huku kidole kimoja kikiubana waya juu yake. Daima pigeni upande wa kulia wa kijiti hicho.

Sikilizeni wangu. Kwanza waya mzima. Kisha 72. Kisha 63. Kisha 56. Mwisho 42.

(Waya ulipigwa mara tano.)

Ile ya mwisho, ya 42, ni nusu ya 84. Wengi wenu mtasema ni sauti ile ile ya kwanza, ila imepanda, kama mtoto anapoimba pamoja na baba yake. Umbali huo wa sauti huitwa oktava. Kati ya hizo mbili tunazo sauti tatu, na wasikilizaji wa Dodoma nadhani wamekwisha zitambua. Ndizo sauti za nyumbani.

Namba hizi hazikubahatishwa. Mwalimu aandike ubaoni 504. Fikirini waya mrefu sana, wa mita 5 na sentimita 4. Gawanyeni 504 kwa 6: mnapata 84. Kwa 7: 72. Kwa 8: 63. Kwa 9: 56. Kwa 12: 42. Wanafunzi wanaojifunza kugawanya waifanye hesabu hii wenyewe kabla ya kuendelea kusoma, maana ndiyo roho ya somo. Sauti zetu ni sehemu ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa ya waya mmoja, na hiyo ya kumi na mbili ni marudio ya ya sita.

Sasa tutazame kinanda. Mafundi wa Ulaya, baada ya mabishano ya miaka mingi, waliafikiana kuigawa oktava katika nafasi 12 zilizo sawa. Walikuwa na sababu njema: wimbo unaweza kuanzia popote, juu au chini, na kinanda kisikatae. Lakini ili nafasi zote ziwe sawa ilibidi karibu kila sauti isogezwe kidogo kutoka pale ambapo sikio lingeiweka. Kinanda ni mapatano. Mimi, pale mezani, nilikichukua kama mizani ya serikali.

Tuzitie sauti za kinanda katika ubao wetu. Penye 63, kinanda kingeweka alama yake kwenye 62 na milimita 9. Tofauti haifiki milimita moja. Penye 56, vivyo hivyo, tofauti haifiki milimita moja. Hakuna mwamuzi atakayeisikia. Lakini penye 72 kinanda hakina kitu. Nafasi yake iliyo karibu zaidi iko kwenye 70 na milimita 6. Tieni alama hapo kwa rangi nyingine, mpime kutoka alama hadi alama. Ni milimita 14, karibu upana wa kidole.

Basi hilo ndilo kosa langu, wasikilizaji. Sauti mbili tulipatana, mzee na mimi, bila kujua. Ya tatu, ile inayotokana na saba, nilimwamuru aisogeze kwa upana wa kidole, nikamwita yeye ndiye aliyelegeza. Pigeni 72, kisha pigeni 70 na milimita 6, mara nyingi, polepole.

(Waya ulipigwa.)

Mnaisikia? Hiyo ya 72 iko chini zaidi, imetulia. Mtu aliyekulia kanisani au shuleni penye kinanda huenda akaiona ngeni mara ya kwanza. Aipige kwa siku tatu, kisha anieleze.

Sasa swali kubwa. Akina mama wale hawakuwa na rula wala hawakugawanya 504. Waliipata wapi sauti ya saba?

Jibu limo ndani ya sauti yenyewe. Waya ukitetemeka, hautetemeki mzima peke yake. Wakati huo huo nusu zake hutetemeka, na theluthi zake, na robo zake, na kuendelea. Kama waya mzima unatetemeka mara 100 katika sekunde moja, ndani yake mna mitetemo midogo ya 200, 300, 400, 500, 600, 700 na zaidi. Sikio huzisikia zote pamoja, likaziita sauti moja. Koo la binadamu hufanya hivyo hivyo. Mmoja wa wanaume aliye na sauti nene aimbe sauti moja tu, ya chini, bila kuipandisha, na huku abadilishe mdomo polepole sana kutoka “u” mpaka “i”. Wengine nyamazeni. Juu ya sauti yake mtasikia kama filimbi nyembamba inapanda ngazi. Ngazi hiyo ndiyo sauti za ndani, na ya saba imo, nzima, haikusogezwa na mtu.

Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria aliyeanza safari zake za Afrika mwaka 1959, ameandika kwamba muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za ndani, hadi ile ya tisa. Yaani Wagogo walisikiliza kilichomo ndani ya sauti, wakakitoa nje, wakakiimba, kisha wakatengeneza ala za kuzifuata sauti zao. Ni vizuri tukumbuke utaratibu huo: wimbo kwanza, ala baadaye. Mimi nilitaka ala kwanza, na wimbo uitii.

Wengi wenu mmemsikia Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma karibu na Dodoma, ambaye Mwalimu Nyerere aliupenda muziki wake hata akamwita Dar es Salaam. Baadaye alikaa Bagamoyo akiwafundisha vijana katika Chuo cha Sanaa, mpaka alipofariki mwaka 2003. Alizungukia nchi nyingi na ilimba yake na zeze lake, na mwaka 1996 huko Uingereza ilitolewa rekodi yake iitwayo Chibite. Mkiipata, isikilizeni mkiwa na ubao wenu wa 84 kando.

Sasa tuingie karakana. Ubao wa waya mmoja ni mwalimu, lakini haupigiki katika ngoma. Tutazame jinsi ilimba inavyofanywa, maana hapa pana jambo linalowakosesha mafundi wapya.

Sanduku huchongwa katika kipande kimoja cha mti mkavu, kikakombwa ndani mpaka kibaki chepesi, au huungwa kwa mbao nyembamba. Juu yake hupita vijiti viwili vya kuinulia vyuma, na katikati yake chuma kimoja cha kubania, kilichofungwa chini kwa waya kwa nguvu. Vyuma vya kupigia, mimi leo nitaviita ndimi, hubanwa hapo: upande mmoja umeshikwa, upande mwingine uko huru kama ulimi wa kweli. Fundi wa kijijini hutumia msumari uliofuliwa bapa, au kijiti cha mwavuli, au spoku ya baiskeli. Fueni kikiwa baridi. Chuma kikifuliwa baridi huwa kigumu na huruka vizuri. Mkikitia motoni kikawa chekundu, mkakiacha kipoe polepole, kinalegea, na sauti yake inakufa mara moja kama kofi la mkono uliolowa.

Jambo lenyewe linalokosesha ni hili. Ulimi haufuati sheria ya waya. Katika waya, nusu ya urefu inapandisha sauti oktava moja. Fundi mpya huchukua ulimi wa milimita 80, akakata mwingine wa milimita 40, akitazamia oktava. Anapata oktava mbili! Chuma chake kimeharibika, wala hawezi kukirefusha. Sababu ni kwamba chuma kilichobanwa upande mmoja kikifupishwa huwa kigumu upesi mno. Oktava moja hupatikana karibu na milimita 57.

Basi andikeni ubaoni vipimo vya ndimi, kwa chuma cha upana mmoja na unene mmoja, tukihesabu sehemu iliyo huru tu: ya sita, milimita 80. Ya saba, 74. Ya nane, 69. Ya tisa, 65. Na ya kumi na mbili, 57. Linganisheni na waya wenu wa 84, 72, 63, 56, 42. Sauti ni zile zile, lakini kwa ndimi hatua zimekaribiana. Kati ya ulimi wa saba na wa nane mna milimita tano tu, na kwa hiyo kosa dogo la kubana, lisiloonekana kwa macho, laweza kumpeleka mtu kwenye kinanda bila kutaka.

Vipimo hivi ni vya kuanzia. Hakuna misumari miwili inayofuliwa sawa, kwa hiyo kila mara mkatie ulimi mrefu kuliko kipimo, kisha mumalizie kwa sikio. Mkitaka sauti ipande, gongeni ulimi uingie ndani, sehemu huru ifupike. Mkitaka ishuke, uvuteni nje. Kama ukivutwa utatoka mahali pake, tumieni njia nyingine: tone la nta ya nyuki kwenye ncha huishusha sauti, na kusugua ncha kidogo kwa tupa huipandisha. Kusugua karibu na shina, pale palipobanwa, huishusha. Nawasihi mwanzo mtumie nta, maana nta hubanduka, bali chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Tena ilimba nzuri haiachiwi sauti tupu. Ndimi nyingine hazipigwi kamwe. Zimewekwa pale ili zitetemeke zenyewe jirani zao wanapopigwa, na zitatetemeka vizuri zikiwa zimepatana nazo. Huu ni ushahidi mkubwa ambao sikuuona siku ile: nilipomfanya mzee agonge ulimi mmoja, jirani zake wakanyamaza. Sauti ikapungua sanduku zima, nikadhani ni ilimba mbovu. Halafu kwenye sanduku hutobolewa tundu dogo, likafunikwa kwa ule utando mweupe ambao buibui huubandika ukutani kutunzia mayai. Utando huo hutoa mlio kama wa nyuki. Usipigwe na maji, wala usiguswe na mtoto. Ukitoboka, tafuteni mwingine. Kwa bahati njema buibui hawatozi.

Labda wengine mnasema, “Ofisa, mambo haya ni ya zamani. Siku hizi vijana wana gitaa, na simu inayopima sauti.” Ni kweli, na hapo ndipo ilipo hatari. Mwaka 1950 alifika Tanganyika Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi nyimbo na kupima sauti za ala kwa uma za chuma zilizopangwa. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, na twamshukuru kwa kazi hiyo. Lakini alipotaka kuiuzia dunia ala ya namna ya ilimba, aliyoiita kalimba, ndimi zake alizipanga kwa do-re-mi ya Ulaya. Mtu aliyepima sauti za vijiji kwa uangalifu kuliko wote ndiye aliyeuza ala isiyo nazo. Simlaumu sana. Mnunuzi wa London alitaka kupiga nyimbo anazozijua. Lakini leo mtoto wa Kigogo akinunua kalimba dukani, sauti ya bibi yake haimo.

Na simu? Programu ya kupimia sauti ina mshale, na mshale hujua nafasi 12 tu. Ulimi wa saba ukipigwa mbele yake, mshale hulala kushoto ukawa mwekundu, na kijana hushika jiwe. Mzee wangu aligongeshwa na ofisa. Vijana wanagongeshwa na simu. Hata hivyo simu yaweza kufanywa mtumishi. Programu nyingi huonyesha pia hatua ndogo, 100 kwa kila nafasi ya kinanda. Upangeni ulimi wa sita mpaka mshale usimame katikati. Kisha ulimi wa saba uwekeni nafasi tatu juu, lakini mshale usome 33 chini. Wa nane, nafasi tano juu, mshale usome 2 chini. Wa tisa, nafasi saba juu, mshale usome 2 juu. Ziandikeni namba hizi ndani ya kifuniko cha sanduku lenu la zana.

Isidhaniwe kwamba shida hii ni ya Wagogo peke yao. Katika taarabu ya Zanzibar, mpiga kanuni ana vibati vidogo vya chuma chini ya nyuzi zake, ambavyo huviinua na kuvilaza ili kupata sauti zilizo kati ya nafasi za kinanda. Mwenziwe wa kodiani aketiye karibu naye hawezi, maana sauti zake zimefungwa kiwandani. Na Marekani alikuwako mtu mmoja, Harry Partch, aliyezaliwa mwaka 1901 Oakland, California. Yeye alichoka na nafasi 12 hata mwaka 1930 akazichoma moto nyimbo zake zote za awali. Alirefusha shingo ya fidla kubwa, akabadilisha kinanda cha upepo, na baadaye akaanza kuunda ala zake mwenyewe: marimba za mbao na za mianzi, vibuyu vilivyotungikwa, na vioo vikubwa vilivyokatwa kutoka mitungi iliyotupwa na maabara ya chuo kikuu. Oktava moja aliigawa katika sauti 43. Kwa nini aunde? Kwa sababu hakuna duka lililokuwa na sauti alizozitaka. Na katika zile 43 imo ile ya saba juu ya sita, yaani alama yenu ya 72 juu ya waya wa 84. Alifariki mwaka 1974. Mbugani Ugogo alama hiyo ilikuwa ikiimbwa na watoto wachungaji wasiolipia chochote.

Fundi mmoja ameniandikia akiuliza: mteja akitaka ilimba itakayopatana na gitaa la kanisani, amkatalie? La, asimkatalie. Fundi ana watoto. Amtengenezee, achukue fedha yake. Ila amwulize kwanza kama ilimba hiyo itapigwa na gitaa au na waimbaji, na asichukue ilimba ya zamani ya mtu akaipanga upya kwa kinanda bila kupima na kuandika kwanza jinsi ndimi zilivyokuwa. Kupima ni kazi ya nusu saa. Kuikumbuka sauti iliyopotea ni kazi ambayo huenda hakuna tena mtu wa kuifanya.

Mwaka jana nilirudi kwenye kijiji kile, na ubao wangu wa sentimita 84 umefungwa nyuma ya pikipiki. Mzee alikwisha fariki. Ilimba iko kwa mjukuu wake, kijana anayeimba katika kwaya na tena katika ngoma za kijiji. Nilimweleza habari yangu, naye hakucheka wala hakukasirika; bibi yake alikwisha msimulia juu ya “yule wa kinanda”. Akaniruhusu kupima. Ndimi kadhaa hazikupatana na alama zangu kabisa, labda kwa kutu, labda kwa kupenda kwake mzee; sitasema kwamba hesabu yangu inajua zaidi. Lakini ulimi ule niliomgombeza kwa ajili yake nilipoupiga pamoja na waya kwenye 72, sauti mbili zilikaa pamoja bila kutikisika. Kando yake kijana ameongeza ndimi mbili mpya za kijiti cha mwavuli. Moja yake iko pale pale nilipopataka mimi. Akasema, “Hii ni ya kwaya, mjomba. Ile ya babu sikuigusa.”

Haya, kazi ya darasa kabla ya juma lijalo. Kwanza, gawanyeni 504 kwa 10, mtie alama hiyo pia kwenye ubao, msikilize kama inaingia katika wimbo wowote mnaoujua. Pili, mwombeni mzee mmoja wa mtaa wenu, mwanamke au mwanamume, aimbe wimbo wa zamani bila ala. Mfuateni kwa kijiti cha tatu chini ya waya, polepole, mtie alama pale anaposimama. Msimsahihishe. Andikeni sentimita mlizozipata pamoja na jina la wimbo, na mwalimu wa darasa aniletee karatasi hizo. Tatu, kila mmoja alete spoku mbili za baiskeli na nyundo ndogo, maana juma lijalo tutafua ndimi.

Mpaka hapo, kwa herini.